Bipu Sita za Mzee Kabuti

Mimi ndiye niliyekuwa nukta nyekundu. Nasema mapema kwa sababu mtaani bado wanasimulia kwamba polisi walinikuta na mali ya wizi chini ya mkokoteni, na wengine wanasema nilikuwa mpelelezi tangu zamani, najifanya tu muuza maji. Yote mawili si kweli. Nilikuwa nukta kwenye kioo cha kompyuta, kubwa kama sahani, na mistari inaingia kwangu kutoka kila upande kama njia za siafu zinazoelekea kwenye mfupa.

Maji nimeyauza miaka ishirini na miwili. Kabla ya hapo nilimaliza darasa la saba, na sikuwa mjinga. Mwalimu akiuliza swali nilikuwa nalijua jibu, lakini mkono haukupanda. Aliandika kwenye ripoti yangu ya mwisho, "Anaelewa lakini hasemi." Baba akaisoma akacheka, akasema basi angalau nyumbani kuna mmoja ambaye hatamjibu. Nikajaribu kazi ya dukani. Siku ya tano mwenye duka akanitoa kwa upole, akasema wateja wanaingia wanadhani kuna msiba. Ndipo nikapata mkokoteni wa magurudumu mawili na madumu manane ya njano. Maji hayahitaji maneno. Unayafikisha, unayamimina kwenye pipa, unaondoka.

Simu zilipoingia mtaani nikaogopa. Mteja anapiga, anataka umjibu, umwambie uko wapi na utafika lini, na mimi koo linakauka. Mke wangu ndiye aliyeniokoa. Yeye anaongea kwa niaba yetu wote wawili. Alipita mlango kwa mlango akawatangazia, "Mume wangu msimpigie, mtamtia homa. Mbipuni tu. Bipu moja madumu manne. Bipu mbili madumu manane. Bipu tatu, najua kuna harusi, mniite na mimi nije kula."

Ikawa hivyo. Simu inaita mara moja na kukatika, nami najua cha kufanya. Miaka ikapita bila mimi kupokea simu ya mteja hata mmoja. Na namba zao nilizihifadhi kwa milango, maana kumuuliza mtu jina lake ni kazi kwangu, na ukishampelekea maji miaka mitatu bila kumuuliza, inakuwa aibu kuanza. Kwa hiyo kwenye simu yangu nilikuwa na Mbwa Mkali, na Mlango wa Nyuma, na Kisiki, na Ngazi Tatu, na Geti Jeusi. Wao nao waliniita Bubu, na sikukataa.

Mzee Kabuti alikuwa mlinzi wa ghala la matairi, karibu na reli. Alivaa kabuti zito la kijani hata jua likiwaka. Yeye alikuwa na utaratibu wake wa peke yake: bipu moja, saa mbili asubuhi, madumu mawili, moja la kunywa na moja la kunawa. Nikifika anasogeza kiti, tunakaa pamoja dakika kumi bila kusema lolote, kisha anasema, "Haya, tumezungumza vya kutosha leo," na mimi naondoka. Kama nilikuwa na rafiki, ni yeye.

Jumamosi moja asubuhi walimkuta ndani ya ghala amefungwa mikono kwa waya, kichwa kimepasuliwa, na matairi yote hayapo. Jumatatu akafa hospitali, hakusema neno.

Jumanne walikuja kunichukua. Nilikuwa kwenye foleni ya bomba, dumu langu la tatu linajaa. Wanaume wawili wasio na sare wakauliza, "Bubu ni nani hapa?"

Wanawake wa foleni wakanijibia, kama kawaida. "Ndiye huyo. Msimsemeshe kwa nguvu, atajificha ndani ya dumu."

Wakacheka mpaka walipoona pingu. Mtu mmoja akafunga bomba, na nikasikia jinsi mahali palivyokuwa kimya. Mke wangu alifika kituoni kabla hata hatujashuka kwenye gari, ana sweta langu mkononi. Hawakumruhusu aingie. Nilimsikia nje akiwaambia, "Basi mpeni sweta. Yeye hatawaambia kwamba anasikia baridi."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza iliyobanduka ngozi, viti vitatu, na feni inayogeuza shingo lakini inapuliza ukutani. Mpelelezi alikuwa mtu mnene, miwani yake imefungwa shingoni kwa kamba ya viatu. Alikuwa na simu yangu, na orodha ya namba zangu aliyoichapa kwenye karatasi.

"Mbwa Mkali ni nani?"

"Ni mbwa, afande."

"Mbwa ana simu?"

"Hapana. Simu ni ya mama mwenye mbwa."

"Jina lake huyo mama?"

"Silijui."

"Unamfahamu tangu lini?"

"Huu mwaka wa sita."

Akaandika. "Mlango wa Nyuma?"

"Ni mlango wa nyuma, afande."

"Wa wapi?"

"Wa nyuma ya nyumba."

Akaivua miwani, akaniangalia muda mrefu. "Unanichezea," akasema. Nilitaka kumweleza, kweli nilitaka. Lakini nikiangaliwa hivyo maneno yangu hurudi tumboni, na mtu anayeniona anadhani naficha. Siku nzima ilikwenda hivyo, jina moja baada ya jingine. Jioni akakunja karatasi zake na kusema, "Nina mpaka kesho kutwa asubuhi. Hapo unapanda mahakamani kwa mauaji. Ukalale uyafikirie hayo majina ya wahuni wako."

Jumatano asubuhi alikuwepo binti mmoja chumbani, ana mafua, leso imejaa kwenye mkono wa sweta lake. Alikuwa mtaalamu wao wa kompyuta. Alinisalimia, "Shikamoo, mzee," na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kunisalimia ndani ya jengo lile. Akageuza kioo nikione.

"Afande amesema nikuonyeshe ili ujue hatubahatishi. Kila nukta ni namba ya simu. Kila mstari ni simu iliyopigwa ndani ya miezi sita iliyopita. Mtu akipigiwa sana, programu inamkuza. Tumeanza na namba ya marehemu, tukafuata mistari yake." Akaweka kidole kwenye nukta ndogo ya buluu. "Huyu ni mlinzi. Na hawa watatu pembeni," nukta tatu za kijivu zilizojibanza pamoja, "ni namba zilizozimwa alfajiri ile ya wizi, hazijawashwa tena. Hatuwajui. Lakini angalia katikati."

Katikati palikuwa na ile nukta nyekundu.

"Ni nani?" nikauliza.

"Ni wewe, mzee."

Mpelelezi akasogeza kiti mbele. "Watu hamsini na tisa wanakutafuta wewe. Hamsini na tisa! Mimi ni mkuu wa upelelezi hapa na sitafutwi na watu hamsini na tisa. Mlinzi anakupigia. Huyu hapa, anayewasiliana na hawa watatu waliozima simu, naye anakupigia. Njia zote zinapita kwako. Halafu unasema unauza maji."

Nilikiangalia kile kioo na, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililohisi halikuwa woga. Nilijiona mtu. Sijawahi kukaa katikati ya kitu chochote. Kwenye harusi yangu mwenyewe nilikaa pembeni.

"Na kuna jambo jingine," mpelelezi akasema. "Mwambie."

Binti akafuta pua. "Hizi simu zote zinazoingia kwako, mzee, ni sekunde sifuri. Hakuna aliyeongea."

"Ishara," akasema mpelelezi. "Mtu anapiga, anakata, mwenzake anajua cha kufanya. Kweli si kweli?"

"Kweli, afande."

Akashtuka. Nadhani hakutegemea niseme haraka hivyo. Niliendelea, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa ameuliza kitu nilichoweza kukijibu. "Bipu moja madumu manne. Bipu mbili madumu manane."

"Ya nini?"

"Ya maji."

Alicheka kicheko cha puani. Ndipo nikasema sentensi ambayo mke wangu mpaka leo ananitaka nirudie mbele ya wageni. "Afande, simu yangu mnayo. Iwasheni."

Binti akamwangalia mkubwa wake, mkubwa akainua mabega. Wakaiwasha, wakaiweka katikati ya meza. Kwa kitambo haikusema kitu. Halafu ikatetemeka mara moja na kunyamaza. Kisiki. Ikatetemeka tena, ikanyamaza, ikatetemeka. Mlango wa Nyuma, bipu mbili. Kisha ikawa haipumziki. Walikuwa hawana maji tangu jana, mtaa mzima. Simu ilizunguka mezani yenyewe kama mende aliyelala chali, na binti alikuwa anahesabu kwa midomo, moja, mbili, moja, moja, mbili.

Kisha moja ikaita na haikukatika. Mbwa Mkali. Mpelelezi akabonyeza kitufe cha spika na kunisukumia.

"We Bubu!" Sauti ikajaa chumbani. "Uko wapi wewe? Tangu jana nabipu mpaka kidole kimeota sugu! Nguo za watoto zimeloweka mpaka zinanuka. Unataka nikuletee uzifulie huko huko uliko?" Nyuma yake mbwa alikuwa anabweka kama anayevunja mlango. "Haloo? Nyamaza wewe, mbwa! Haloo?"

Mimi nilikuwa nahema tu.

"Ndiye yeye," akamwambia mtu wa pembeni yake. "Nasikia anavyohema, ndiye mwenyewe. Haya baba, ukimaliza kuhema lete manane."

Ikakatika. Binti alikuwa ameficha uso kwenye leso, mabega yanatikisika. "Afande," akasema, "Mbwa Mkali huyo."

Mpelelezi hakucheka, lakini aliivua miwani na kuifuta kwa tai. "Jaribu kuondoa zote za sekunde sifuri," akamwambia binti.

Akaandika kitu. Kioo kikatikisika, mistari ikaanza kufutika mmoja mmoja kama nywele zinazonyolewa. Nukta yangu ikapungua, ikapungua, ikawa punje ya ulezi. Ilibaki na mstari mmoja tu.

"Huyu unayeongea naye ni nani, mzee?"

"Mama watoto."

"Dakika kumi na moja kwa miezi sita."

"Anaongea yeye," nikasema.

Nilidhani sasa nitakwenda nyumbani. Lakini mimi nilipokwisha kupungua, nukta nyingine, ile aliyoitaja mpelelezi, ilionekana vizuri. Ilikuwa imefichwa na ukubwa wangu. Mistari mitatu minene kutoka kwayo kwenda kwa wale watatu waliozima simu, na mmoja kwenda kwa Mzee Kabuti, dakika nne, mchana wa ile Ijumaa ya kuamkia wizi.

"Laini imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja aliyekufa zamani," binti akasema. "Lakini namba yake imo kwenye simu ya mzee huyu. Ni Geti Jeusi."

"Mageti meusi yako mangapi kwenye huo mtaa?" mpelelezi akaniuliza.

"Mengi, afande."

"Na wewe unajua ni lipi."

Nilijua. Ni kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Wateja wote huangalia madumu. Yeye alikuwa ananiangalia mimi. Mgongo wangu uliponiuma mwaka jana, alikuwa anatoka na kubeba madumu mwenyewe mpaka ndani, ananiambia, "Kaa kaka, pumzika, leo mimi ndiye Bubu." Watu hunifungulia milango kwa sababu sisemi. Nimeona nguo za ndani kwenye kamba, nimeona mke anaficha jicho lililovimba, nimeona mtu mzima analia jikoni. Sijawahi kubeba kitu cha nyumba moja kukipeleka nyingine isipokuwa maji. Hiyo ndiyo heshima niliyo nayo.

Lakini wiki ile ya wizi Geti Jeusi alibipu mara mbili badala ya moja, siku tatu mfululizo. Na mara ya tatu alisimama getini akasema, "Leo niachie hapa hapa, kaka." Nyuma yake mlangoni niliona jozi tatu za buti zenye udongo mwekundu uliokauka.

"Mtaje uende nyumbani," mpelelezi akasema. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Ukikataa, kesho tunaandika kwamba unamficha."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimezoea, na sikuona ugumu wa kunyamaza siku moja zaidi. Nilimfikiria yule mtoto mchanga, nikafikiria mke wangu na sweta lake, na bado nilinyamaza.

Binti alikuwa anaendelea kubonyeza. "Afande, ngoja," akasema. "Nimerudisha za sekunde sifuri, za marehemu peke yake. Angalia. Kila siku anambipu mzee mara moja, saa mbili asubuhi. Kila siku. Lakini ile Ijumaa..." Akanigeukia. "Mzee, ile Ijumaa jioni alikubipu mara sita. Kati ya saa kumi na moja na dakika arobaini na saa kumi na mbili na dakika tano. Bipu sita ni nini?"

Hakuna bipu sita. Hata za harusi ni tatu.

Nilikumbuka. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu nimevua viatu, gurudumu la mkokoteni limetoboka, nalibandika kiraka. Simu ikatetemeka, ikatetemeka. Mke wangu akauliza ni nani. Nikamwambia, "Mzee Kabuti ameikalia simu." Tukacheka wote wawili. Nikaiweka chini ya kigoda isitusumbue.

Labda aliikalia kweli. Kabuti lile lilikuwa na mifuko mizito. Au labda aliona watu wanazungukazunguka ghala, salio lake halitoshi hata kwa maneno mawili, na kwenye simu yake mtu wa kwanza juu ya orodha alikuwa mimi. Hakuna kompyuta inayoweza kujua hilo. Binti alinionyesha mistari sita, myembamba, kutoka nukta ya buluu kuja kwangu, na hakuna hata mmoja unaorudi.

"Geti la tatu ukitoka kwa kinyozi," nikasema. "Lina tundu la risasi ya zamani karibu na kitasa, limezibwa kwa gundi. Walikuwa na wageni watatu."

Waliniachia saa kumi jioni. Mke wangu alikuwa bado nje, amekaa kwenye ukingo wa maua. Hakuniuliza kitu. Yeye! Tulitembea mpaka nyumbani, na njia nzima ni mimi niliyeongea.

Yule kijana yuko rumande. Anasema wale walikuwa jamaa wa mbali waliomwomba malazi, na kwamba alimpigia mlinzi kuulizia kazi tu. Kesi imeahirishwa mara nne, nami nimeitwa kuwa shahidi. Sijui kama niliiweka nukta mahali pake. Najua tu kwamba mtaani wamejua ni nani aliyetaja mlango. Wateja hamsini na tisa wamebaki thelathini na kitu. Mama wa Ngazi Tatu aliniambia wazi, bila hasira, "Baba, maji yako matamu, lakini sasa una macho." Siku hizi anatumia mtu mwingine, mwenye pikipiki.

Na mimi nimebadili utaratibu. Mtu akibipu, nampigia. Namuuliza, "Ni maji, au kuna shida?" Mwanzoni walinitukana. "Bipu ni bipu, Bubu, unapiga ya nini? Umeanza umbeya?" Mama wa Mbwa Mkali alisema nimepandwa na kitu kichwani. Mke wangu anakaa pembeni anasikiliza, anatingisha kichwa.

Wiki ya pili baada ya kuachiwa, simu ilitetemeka mara moja asubuhi. Geti Jeusi. Simu ya yule kijana ilikuwa polisi, lakini namba ya mkewe nayo nilikuwa nimeihifadhi kwa mlango ule ule. Sikupiga. Nilishindwa. Nilipeleka tu madumu manne na kuyamimina ndani ya pipa bila kuinua uso. Mke wa yule kijana alisimama na mtoto begani.

"Kaka, wewe nawe si walikushika?" akaniuliza. "Walikuuliza nini huko?"

Ningeweza kunyamaza. Asingeshangaa, hakuna ambaye angeshangaa, ndivyo nilivyo. Dumu la mwisho lilikuwa limekwisha na bado nilikuwa nimeliinamisha.

"Waliniuliza mlango, shemeji," nikasema. "Nikawaambia."

Hakupiga kelele. Alimhamisha mtoto bega la pili, akaingia ndani, akafunga. Geti nililirudishia mwenyewe.

Kesho yake hakubipu, wala keshokutwa. Siku ya tatu nilikuwa bombani, foleni ndefu, wanawake siku hizi wakiniona wanapunguza sauti. Simu ikatetemeka mara moja ikanyamaza. Nikatoka kwenye foleni, nikasimama peke yangu kwenye kona ya ukuta, nikapiga. Iliita sana. Nilikuwa karibu kukata.

Akapokea. Nikasikia anahema.

"Ni maji," nikamuuliza, "au kuna shida?"

Nikasikia mtoto analia kwa mbali na sufuria inawekwa chini.

"Ni maji," akasema. "Mtoto hajaogeshwa."

Nikarudi nyuma kabisa ya foleni, maana nafasi yangu ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, nikayapanga madumu yake manne mbele ya yote.